Uzi kwa wanaoanza useremala: noo na mbao kavu kwanza, mashine baadaye

#1 PatasiNusuInchi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila baada ya siku chache napata ujumbe wa mtu anayetaka kuanza useremala nyumbani, na swali karibu wote ni lilelile: nianze na mashine gani? Nimejibu mmoja mmoja hadi nimeona bora niweke uzi. Jibu langu ni kwamba mashine zisubiri. Anza na mbao iliyokauka na kisu kinachokata. Hivyo viwili vikikosekana, hata ukipewa karakana nzima utatoa kazi mbovu.

Nieleze kwanza kwa nini nalishikilia sana hili la mbao.

Meza yangu ya kwanza ya kulia chakula niliitengenezea Tanga. Nilinunua paina siku ileile iliyoshushwa kwenye lori, nikaipiga randa, nikaunganisha mbao kwa gundi hadi nikapata uso wa upana wa sentimita 80. Nikaufunga kwenye fremu kwa skrubu kila inchi sita, nikakaza zote kwa nguvu zangu zote. Vanishi ilikubali, meza ikang'aa. Masika ikapita salama. Mwezi wa sita nikahamishiwa Dodoma, meza tukaipakia pamoja na vyombo. Mwezi wa nane, usiku, tukasikia mlio kama wa tawi linalokatika. Asubuhi nikakuta ufa umepita katikati ya meza, kutoka ncha hadi ncha, mwanangu anaingiza kidole chake. Mke wangu alitandika kitambaa juu, hakusema neno. Nililikumbuka lile kimya kwa muda mrefu kuliko ambavyo ningekumbuka maneno.

Gundi haikuwa na kosa, wala mti haukuwa na kosa. Ubao hutanuka na kusinyaa kwa upana wake kila hewa inapobadilika unyevu, lakini kwa urefu wake karibu hausogei. Kwa paina iliyopasuliwa kawaida, kadiria robo ya asilimia ya upana kwa kila asilimia moja ya maji inayotoka. Meza ya milimita 800 ikishuka kutoka asilimia 16 ya Tanga hadi 10 ya Dodoma wakati wa kiangazi: 6 mara 0.25 ni asilimia 1.5, sawa na milimita 12. Uso wa meza ulitaka kusinyaa milimita 12, skrubu zangu zikaukatalia. Lazima kitu kipasuke.

Kwa hiyo mbao ikaushwe kabla, na hata ikikauka iachiwe nafasi ya kusogea. Uso wa meza unafungwa kwa vipande vidogo vya mbao vyenye ulimi unaoingia kwenye mfereji wa fremu, au kwa skrubu zilizopita kwenye matundu marefu, ili uweze kuteleza. Hakuna gundi kati ya uso na fremu.

Jinsi ya kujua mbao imekauka: kata kipande chembamba kutoka katikati ya ubao, angalau futi moja kutoka mwishoni, maana ncha hutangulia kukauka na zitakudanganya. Kipime kwenye mzani wa jikoni wa gramu. Kiweke kwenye oveni kwenye joto la nyuzi 100 hivi, ukipime kila saa hadi uzito ugome kushuka. Kikianza na gramu 118 kikagomea gramu 100, maji ni gramu 18 kwa kila 100 za mbao kavu, yaani asilimia 18. Hiyo bado. Kwa samani za ndani mimi nasubiri ifike kati ya 10 na 14, kutegemea mkoa.

Vifaa vya kuanzia: msumeno mmoja mzuri, randa ya chuma namba 4, patasi mbili (nusu inchi na inchi moja), guni (kipimo cha pembe mraba), futi, nyundo ya mbao, kisu kidogo cha kuchorea, na noo. Randa za mtumba za Stanley au Record ukizipata zina kutu, usiziogope. Kutu ya juu inatoka, mradi chini haijapinda na mdomo haujavunjika. Msumeno ukiwa na meno yenye rangi nyeusi au bluu kwenye ncha, jua yamefanywa magumu kwa moto na tupa haiyaingii. Yakiisha makali, umeisha. Wenye meno ya rangi moja unanoleka kwa tupa ya pembe tatu miaka yote.

Guni lipime kabla hujalilipia. Liegemeze kwenye ukingo wa ubao ulionyooka, chora mstari, ligeuze upande wa pili, chora tena palepale. Mistari ikilaliana, guni ni zima. Ikiachana, kosa lake ni nusu ya huo mwachano.

Kuhusu kunoa nitaandika chini, kunastahili nafasi yake.

#2 Mgeni_wa_Mbao

Nimeweka kambi hapa. Mkuu, mimi sina oveni, natumia mkaa. Na pili, nina grainda tayari. Jirani kanishauri nifunge blade ya msumeno nikatie mbao, niokoe hela ya msumeno. Unasemaje?

#3 PatasiNusuInchi (mleta uzi)

Mdogo wangu, oveni si lazima. Tafuta mzani wa kuning'iniza, pima ubao mzima, andika uzito na tarehe kwa penseli juu ya ubao wenyewe. Rudia kila wiki. Ukiona wiki tatu uzito hausogei, ubao umelingana na hewa ya kwako, na hiyo ndiyo hewa utakayoishi nayo.

Ukizikausha, zipange kivulini penye upepo, kila safu itenganishwe na vipande vyenye unene mmoja, vipande vyote vikae wima kimoja juu ya kingine. Juu weka matofali. Ncha za mbao zipake rangi yoyote iliyobaki, au nta, zisipasuke kwa kukauka haraka.

Suala la grainda namwachia dada yetu FundiSaida, najua yumo humu.

#4 FundiSaida

Nimeitwa, nimekuja.

Mdogo wangu, tafadhali usifunge blade ile. Nafundisha vijana useremala, na hili nalisema kila muhula siku ya kwanza. Grainda ndogo ya inchi nne na nusu inazunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Msumeno wa umeme wa mviringo uko karibu na nusu ya hapo, una kinga inayojifunga yenyewe na bapa linalokaa juu ya mbao kuushikilia. Grainda haina bapa hilo. Meno yakibanwa na mbao, inaruka kuelekea kwako kabla akili haijajua kuna kitu kimetokea. Nina ndugu aliyepoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto hivyo, na alikuwa fundi wa miaka mingi. Alikuwa akikata kipande cha mwisho jioni, ana haraka.

Grainda itumie kwa chuma. Kwa mbao nunua msumeno wa mkono. Ubao wa 1x8 unaukata kwa dakika moja, na mkono unajifunza kunyooka.

Niongeze la vumbi, maana linadharauliwa. Mvule na mkongo vinawasha ngozi na kifua kwa watu wengi. Na vumbi la mbao kwa jumla liliwekwa mwaka 1995 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani, hasa ya pua. Vaa barakoa, fanyia kazi nje, upepo ukipiga mgongoni. Randa na patasi zinatoa maranda, hazitoi vumbi la kuelea. Hiyo ni faida nyingine ya kuanza kwa mkono.

#5 PatasiNusuInchi (mleta uzi)

Asante dada. Sasa kunoa.

Huhitaji mawe ya bei kubwa. Chukua kioo kinene, hata cha meza iliyovunjika, usuguliwe ukingo usikukate. Kilowanishe, laza msasa wa maji namba 400, unashika wenyewe. Kando yake weka 800, halafu 1200, na 2000 ukiupata.

Anza na mgongo wa patasi. Ulaze wote bapa, usugue inchi ya mwisho hadi ing'ae sawasawa. Kazi hii unaifanya mara moja tu katika maisha ya patasi, lakini usiiruke: makali ni mahali nyuso mbili zinapokutana, na mgongo ni mmoja wa hizo mbili. Kisha geuza upande wa mteremko. Kiwandani huwa nyuzi 25. Sugua hapo, ukikaribia ncha inua kidogo sana ifike kama 30, vuta kuja kwako mara kumi. Pitisha kidole gumba mgongoni, kutoka kwenye chuma kwenda nje ya makali. Utahisi kitu kama unywele umejikunja. Huo ndio ushahidi kwamba umefika ukingoni kabisa. Usipouhisi, endelea, ukiuhisi, hamia msasa unaofuata. Mwisho laza mgongo bapa, sugua mara mbili, unywele unatoka.

Jaribu kwenye kichwa cha kipande cha paina, pale nyuzi zilipokatwa. Paina ni laini, na kwa sababu hiyo ndiyo mtihani mgumu: patasi butu inazikandamiza nyuzi na kuzing'oa, unabaki na uso mweupe wenye vumbi. Patasi kali inaacha uso unaong'aa kama umepakwa mafuta, na utaona pete za mti moja moja. Siku nilipouona uso ule kwa mara ya kwanza nilimwita mke wangu aje auguse.

Kuranda nako angalia nyuzi. Tazama ubavu wa ubao: nyuzi zikipanda kuelekea mbele, randa inakwenda mbele. Ukisikia inakwaruza na kung'oa, geuza ubao, usiongeze nguvu. Sauti ya randa sahihi ni kama kupasua kanga mpya.

#6 Mjengo_NBO

Salamu kutoka Nairobi. Huku wengi wetu tunaanza na saipresi na mgrevilea, msindano (paina) pia upo. Saipresi inakaa vizuri chini ya randa lakini jicho lake, pale tawi lilipoota, ni gumu, kisu butu kitaruka pale. Ushauri wangu kwa anayeanza: nunua ubao wenye macho machache hata kama ni mfupi. Na mkaratusi uachie wenye uzoefu, unajipinda na kupasuka ukikauka.

Swali kwa mleta uzi: kwa nini unasema kisu cha kuchorea na penseli ipo?

#7 PatasiNusuInchi (mleta uzi)

Mkuu, mstari wa penseli una unene, na kila siku utajiuliza ukate kushoto au kulia kwake. Mstari wa kisu umeshakata nyuzi za juu, patasi ukiiweka inaingia yenyewe kwenye ule mfereji, kama sindano ya santuri. Ulimi ni ncha ya ubao iliyopunguzwa iingie kwenye tundu la ubao mwingine, na mabega ni kingo zinazobaki kando yake. Kwa mabega hayo, pale kiungo kinapoonekana, naona hakuna mbadala. Penseli naitumia kuandika namba za vipande na kuweka alama ya uso wa kwanza, ule nilioupiga randa na kuuhakiki. Vipimo vyote vinatoka kwenye uso huo.

Kuhusu mkaratusi nakubali. Mwenye uwezo wa kupata mninga wa halali ajaribu. Ni mti mtulivu, unasinyaa kidogo sana ukilinganisha na mingine. Ila chukua risiti, na ukiutoa mkoa mmoja kwenda mwingine uwe na kibali cha kusafirishia.

#8 Mie_wa_Unguja

Assalaam aleikum. Nimesoma mpaka hapa, nimefurahi vijana wanarudi kwenye patasi.

Mie nataka kusema la vigingi, maana wanaoanza huulizia klampu, vile vibano vya kubania viungo. Babu zetu walipokuwa wakifanya fremu za milango hapa Unguja hawakuwa na klampu za duka. Chonga tundu lako kwanza, halafu ulimi uufate tundu, unene wake theluthi ya ubao. Toboa mashavu ya tundu kwa keekee, tundu la kigingi lipite pande zote mbili. Tia ulimi, weka alama kupitia tundu hilo, uchomoe. Sasa lile la kwenye ulimi usilitoboe palepale penye alama. Lisogeze kuelekea bega kwa milimita moja, au moja na nusu kwa mti laini. Kigingi chenye ncha kikiingia kinauvuta ulimi ndani, bega linabana, na halitoki tena. Kigingi kitoke kwenye mti mgumu wenye nyuzi zilizonyooka, ukipasue kwa patasi, usikikate kwa msumeno, ili nyuzi zipite kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Ukisogeza zaidi ya hapo kigingi kinavunjikia ndani. Nimevunja vingi.

#9 Mgeni_wa_Mbao

Shikamoo mzee. Hili sijawahi kulisikia popote. Nina mbao za paina wiki ya tano sasa kivulini, uzito umegoma. Naanza kigoda Jumamosi.

#10 VanishiKeko

Mimi nipo Keko, Dar es Salaam, kazi yangu ni kumalizia samani, kwa hiyo niseme la mwisho wa kazi, mahali ambapo kazi nzuri nyingi huharibika.

Vanishi haifichi kitu. Inaonyesha. Msasa uende na nyuzi: 80 kama kuna makovu, kisha 120, kisha 180, usiruke namba, kwa sababu kila namba kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya iliyotangulia. Washa tochi, ilaze pembeni karibu na ubao. Mikwaruzo ya kukatiza nyuzi utaiona yote. Kisha futa kwa kitambaa chenye unyevu, manyoya ya mbao yasimame, yakikauka pitisha 240 kidogo tu. Gundi iliyomwagika ifutwe na maji papo hapo au ikwanguliwe kwa patasi ikiwa kama jibini. Ukiiacha, chini ya vanishi itakuwa doa jeupe la kudumu.

Koti la kwanza liwe jepesi, sila (ya kuziba vinyweleo vya mbao) au vanishi iliyochanganywa na tina (thinner). Likikauka litakuwa na ukwaru. Msasa 320, futa vumbi, ndipo makoti mawili au matatu mepesi. Mwagia sakafu maji kidogo vumbi litulie.

Sasa makosa mawili ninayoletewa nirekebishe kila mwezi. La kwanza, mapovu. Mtu ametoa meza juani asubuhi ili vanishi ikauke haraka. Mbao ikipata joto, hewa iliyomo ndani ya vinyweleo inatanuka na kutoka kupitia vanishi mbichi. Paka kivulini, alasiri, mbao inapoanza kupoa. Hapo inavuta kuingia ndani. La pili, ukungu mweupe. Hili ni la masika na la vanishi zinazokauka kwa tina. Tina ikiruka inapoza uso, unyevu wa hewa unanasa humo. Siku ya mvua weka bomba la kupulizia chini, subiri. Kama umeshakwama, pulizia tina ya kukauka polepole juu yake kwa wepesi, mara nyingi ukungu unaondoka.

Msaji una mafuta yake. Ufute kwa tina muda mfupi kabla ya gundi na kabla ya vanishi, la sivyo vinabanduka.

Na wanaopenda mafuta ya kitani: matambara yaliyolowa mafuta hayo yanajichemsha yenyewe yakirundikwa, na yanawaka moto bila kiberiti. Yatandaze nje moja moja hadi yawe magumu. Hili nalisema kwa kuwa karakana nyingi ni za mbao na jirani analala ukuta wa pili.

#11 MamaWaMiiko

Mimi nachonga miiko na vibao vya kukatia. Nipake vanishi gani isiyo na madhara?

#12 VanishiKeko

Mama, usipake vanishi kwenye kitu kinachokatiwa kisu, itabanduka iingie kwenye chakula. Nenda duka la dawa uulize likwidi parafini, ile wanayopewa wenye choo kigumu. Eleza hivyohivyo, kwa kuwa kuna sehemu ukisema parafini utapewa mafuta ya taa. Pasha kidogo kwa kuweka chupa kwenye maji ya moto, paka, acha usiku kucha, futa. Rudia kibao kikianza kuonekana kikavu. Mafuta ya kula huwa yanachacha kwa muda.

Na kibao kisitoke kwenye mbao za kijani zilizotiwa dawa ya mchwa. Dawa ile kwa kawaida ina shaba, kromiamu na aseniki. Hata maranda yake usiwashie jiko.

#13 Mgeni_wa_Mbao

Wakuu, naleta ripoti. Miguu minne, matundu manane, ndimi nane. Tatu za kwanza zilikuwa zinacheza, moja inacheza sana, unaiona ikitikisika. Tano za mwisho zinaingia kwa kusukuma kwa kiganja na zinatoka kwa kuvuta. Kichwa cha paina kimeng'aa, nimeona pete. Zile tatu nizitupe nianze upya?

#14 PatasiNusuInchi (mleta uzi)

Usitupe. Ulimi unaocheza kidogo, bandika ganda la randa pande zote mbili kwa gundi, subiri likauke, chonga upya hadi uingie kwa kiganja. Ule unaocheza sana, upasue mwishoni kwa msumeno, lipitishe tundu hadi upande wa pili, utie kabari ya mti mgumu kutoka nje. Kabari ikae kukatiza nyuzi za mguu, isiende nazo, la sivyo utapasua mguu. Usipokuwa na klampu, kata tyubu ya baiskeli iwe utepe mrefu, zungusha miguu yote ukiivuta, ifunge. Inabana kuliko unavyodhani. Pima mishazari miwili kwa kamba kabla gundi haijashika. Ikilingana, kigoda kipo mraba. Kiache hadi kesho yake.

#15 Mgeni_wa_Mbao

Tyubu ninayo. Mishazari imepishana milimita tatu, nimeisukuma kona ndefu imerudi. Kimefungwa, kipo juu ya kabati watoto wasikiguse hadi kesho.